Sura ya Saba: Plagi na Waya kwa Injini Iliyobadilishwa

"Niweke plagi gani ili gari lipate nguvu?"

Swali hili huulizwa kila siku kwenye gereji za Mbarara na kwenye vibanda vya mafundi wa Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kijana aliyenunua Subaru Impreza yenye tabo huuliza kwa sababu anataka ikimbie zaidi. Dereva wa Toyota Corona ya zamani, anayebeba abiria na magunia kutoka Nakivale hadi mjini, huuliza kwa sababu injini yake imeshafunguliwa mara kadhaa na haina tena pumzi ya zamani. Na kila Mbarara Rally inapofika, vijana waliojipanga kandokando ya barabara huuliza kwa sababu wameona magari yanayofanana na ya kwao yakipita kwa mwendo ambao ya kwao hayaupati.

Jibu ni kwamba plagi haitengenezi nguvu. Nguvu hutoka kwenye hewa na petroli vinavyoungua ndani ya silinda. Kazi ya plagi na waya zake ni kuhakikisha kila mchanganyiko ulioingia unawaka, kwa wakati wake, bila kukosa hata mara moja. Kwa hiyo mwenye gari ajiulize maswali mawili mengine: injini yangu, kwa hali iliyo nayo leo, inatoa joto kiasi gani? Na cheche yake inahitaji umeme kiasi gani? Mwenye majibu ya maswali hayo hanunui plagi kwa kufuata jina, rangi wala bei.

## Je, injini yako imebadilishwa?

Wengi wakisikia "injini iliyobadilishwa" hufikiria magari ya mashindano: Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution ya lita 2, yenye tabo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Afrika Mashariki ina historia ndefu ya magari ya namna hiyo. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1999 Mganda Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari.

Lakini magari mengi yanayopita Mbarara nayo yamebadilishwa, hata kama mwenyewe hajui. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Yaliyokwisha kuingia yanaendelea kufanya kazi, na kila mwaka yanafunguliwa, yanachongwa na kufungwa upya. Injini yako imebadilishwa ikiwa limetokea mojawapo ya haya:

- Hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ilipinda kwa joto ikapelekwa kuchongwa.
- Silinda zimepanuliwa na kuwekewa pistoni za ova saizi.
- Injini imetolewa kwenye gari jingine.
- Mfumo wa petroli umebadilishwa, kwa mfano kuwekwa kabureta ya injini nyingine.
- Tabo imeongezwa, au shinikizo la tabo iliyokuwepo limepandishwa.

Tuchukue hilo la kwanza, maana ndilo la kawaida kuliko yote. Injini ya Toyota 4A-FE ina ujazo wa cc 1,587, na katika matoleo mengi mgandamizo wake ni 9.5, maana yake hewa iliyojaza silinda inabanwa mpaka inabaki sehemu moja kati ya tisa na nusu. Fundi akichonga hedi nusu milimita, chumba cha kuunguzia petroli kinapungua kidogo na mgandamizo unapanda kukaribia 10. Ongezeko hilo si kubwa, na peke yake halidai plagi ya aina nyingine. Linadai muda wa cheche upimwe upya, na pengo la plagi lisiachwe kutanuka.

Kuongeza tabo kwenye injini iliyotoka kiwandani bila tabo ni jambo la uzito mwingine kabisa. Hapo joto na shinikizo vinapanda kiasi cha kuifanya plagi ya zamani iwe hatari.

Malori ya dizeli yanayoteremsha matoke kutoka Isingiro hayamo katika sura hii. Injini ya dizeli haiwashi kwa cheche. Huwasha kwa joto la hewa iliyobanwa sana.

Kwa ufupi: kabla ya kuchagua plagi, jua injini yako imefanywa nini. Kama uliinunua mkononi, muulize aliyekuuzia na fundi aliyewahi kuifungua.

## Safari ya cheche

Betri ya gari hutoa volti 12 tu, na volti 12 haziwezi kuruka pengo la plagi. Koili huchukua umeme huo mdogo na kuupandisha hadi maelfu ya volti. Koili nzima hufikia volti 30,000 au zaidi zikihitajika. Katika magari ya zamani umeme huo huingia kwenye disitribyuta, kifaa kinachougawa kwa kila silinda kwa zamu, kisha hupita kwenye waya nene hadi kwenye plagi. Katika magari mengi mapya kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake, kwa hiyo waya hizo hazipo.

Mwisho wa safari ni pengo dogo kati ya elektrodi mbili, yaani ncha mbili za chuma: moja katikati, iliyozungukwa na kauri nyeupe, na nyingine iliyopinda juu yake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 25 kwa sekunde moja. Gari likipanda kilima na mzigo, kila cheche inayokosa ni petroli iliyolipiwa na kutoka bila kufanya kazi. Hiyo ndiyo hali ambayo mafundi husema "injini inamisi".

## Joto la plagi: jambo la kwanza kuchagua

Mazungumzo ya aina hii husikika sana gereji, dereva akiwa ametoka Nakivale na fundi akiwa wa Mbarara:

"Papa fundi, mimi nataka plagi ya moto. Gari yangu imewekwa tabo, sasa iwake vizuri."

"Hapana, sebo. Ukishaweka tabo, unatafuta ya baridi."

Dereva anadhani plagi ya moto hutoa cheche kali. Ukweli ni kwamba plagi ya moto na plagi ya baridi hutoa cheche ileile. Zinatofautiana katika kasi ya kuondoa joto kwenye ncha. Plagi ya moto ina pua ndefu ya kauri, kwa hiyo joto husafiri mbali kabla ya kufika kwenye chuma cha hedi, na ncha hubaki na joto. Plagi ya baridi ina pua fupi. Joto huondoka haraka.

Ncha hiyo inatakiwa kukaa kati ya mipaka miwili. Ikiwa chini ya nyuzi joto 450 hivi za Selsiasi, masizi hayaungui. Yanajikusanya juu ya kauri na umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka pengo. Ikizidi nyuzi 850 hivi, ncha inakuwa kaa jekundu na kuwasha petroli kabla cheche haijatoka. Petroli inapowaka mapema namna hiyo, pistoni inasukumwa chini wakati bado inapanda, na inaweza kutoboka katika muda mfupi sana.

Injini iliyoongezewa nguvu hutoa joto zaidi, kwa hiyo huhitaji plagi ya baridi zaidi. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji ni kwamba kwa kila nguvu farasi 75 hadi 100 ulizoongeza, nenda ngazi moja ya baridi zaidi. Tukiileta kwenye magari tunayoyaona:

- Hedi iliyochongwa kidogo, au pistoni za ova saizi: baki na ngazi ya kiwandani.
- Injini iliyotoka gari jingine: fuata kodi iliyochongwa kwenye bloku, kama 5A-FE au 3S-FE. Jina lililoandikwa nyuma ya gari halihusiki.
- Subaru WRX yenye tabo ya kiwandani: injini nyingi za EJ20 za aina hii hutumia plagi ya kampuni ya NGK ya ngazi ya 6. Ukipandisha shinikizo la tabo, nenda 7, ambayo ni ya baridi zaidi.
- Tabo iliyoongezwa kwenye injini ya kawaida: ngazi moja hadi mbili za baridi kuliko ya kiwandani.
- Gari la mashindano: 7 au 8, kulingana na jinsi lilivyotengenezwa.

Usivuke kiasi. Plagi ya ngazi ya 8 kwenye gari linaloshinda mjini, linalowashwa na kuzimwa kila baada ya kilomita mbili, haitapata joto la kujisafisha. Itajaa masizi, na asubuhi gari halitawaka. Anayetumia gari moja kwa kazi za kila siku na kwa mbio za mwisho wa wiki afunge plagi za kila siku, na zile za baridi azihifadhi kwa siku ya mbio.

## Kusoma maandishi ya plagi

Chukua plagi iliyoandikwa NGK BKR6E-11 uiweke juu ya kitambaa safi. Kila alama ina maana yake:

- B: thredi yake, yaani mikato ya kufungia, ina upana wa milimita 14.
- K: inafunguliwa kwa soketi ya 16.
- R: ina kizuizi ndani, takriban omu 5,000, kinachopunguza kelele za umeme zinazoweza kusumbua redio na kompyuta ya injini.
- 6: ngazi ya joto.
- E: urefu wa thredi ni milimita 19.
- 11: pengo la kiwandani ni milimita 1.1.

Urefu wa thredi si jambo la kubahatisha. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni. Plagi fupi huacha thredi za ndani ya hedi wazi. Masizi huganda humo, na siku ukirudisha plagi sahihi haiingii.

Kwenye namba ya joto kuna mtego unaowaponza hata wauza spea, kwa sababu kampuni hazihesabu kwa namna moja. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Ulinganisho wa kukumbuka ni huu:

- NGK 5 ni sawa na Denso 16
- NGK 6 ni sawa na Denso 20
- NGK 7 ni sawa na Denso 22
- NGK 8 ni sawa na Denso 24

Kwa ufupi: ongezeko kubwa la nguvu linadai plagi ya baridi zaidi, na kabla ya kuhama kampuni, linganisha namba.

## Pengo

Umeme huruka kwa shida zaidi pale hewa inapobanwa zaidi. Tabo inapoanza kusukuma, silinda inajaa hewa nzito, na koili ileile iliyoruka pengo la milimita 1.1 bila taabu sasa inashindwa. Dalili zake zinajulikana: gari linatembea vizuri polepole, lakini ukikanyaga mafuta hadi chini linakwamakwama, kisha ukiachia linatulia. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha pampu ya petroli, kumbe kilichotakiwa ni kupunguza pengo.

Kwa injini isiyo na tabo, fuata pengo la kiwandani, ambalo kwa magari mengi ya Kijapani ya sindano za petroli ni milimita 0.8 hadi 1.1. Kwa injini yenye tabo iliyopandishwa shinikizo, anza na 0.7 au 0.8. Likiendelea kumisi kwenye mzigo, punguza milimita 0.1 kwa mara moja, ujaribu tena. Chini ya 0.6 cheche inakuwa fupi mno na injini haitulii ikiwa haina mzigo. Ukifika hapo bila nafuu, tatizo liko kwenye koili au waya.

Pima kwa fila geji, kile kipimo cha vibamba vyembamba vya chuma. Ukirekebisha, kunja elektrodi ya pembeni peke yake. Usiegemeze kitu chochote kwenye ile ya katikati. Kwenye plagi za iridiamu ncha hiyo ina unene wa milimita 0.4 hadi 0.6 tu, na ikivunjika kipande kinaangukia ndani ya silinda.

Mwinuko wa nchi nao una sehemu yake. Mbarara iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza pale kama sehemu moja ya saba ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa au Dar es Salaam. Hakuna plagi inayoweza kurudisha nguvu hiyo, kwa sababu kilichopungua ni hewa. Hewa hiyo nyepesi huirahisishia cheche kuruka, kwa hiyo waya zilizochoka zinaweza kujificha Mbarara, zikaja kujitokeza gari likiteremka pwani. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani, nalo, likifika huku hupata petroli nyingi kuliko hewa. Plagi zake zitakuwa nyeusi hadi kabureta irekebishwe.

## Nikeli, platinamu au iridiamu?

Plagi zinazoitwa za kawaida zina moyo wa shaba na ncha ya mchanganyiko wa nikeli. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 hivi, platinamu 1,768, na iridiamu karibu 2,446. Kadiri chuma kinavyostahimili joto, ndivyo ncha inavyoweza kufanywa nyembamba bila kuliwa haraka, na ncha nyembamba huhitaji volti chache kuruka pengo.

Plagi ya nikeli hudumu kilomita 20,000 hadi 30,000 kwenye gari la kawaida, na hupungua sana kwenye injini yenye tabo iliyoongezwa. Platinamu na iridiamu za kudumu huweza kufika kilomita 100,000 kwenye injini nzima.

Chagua hivi. Kama gari bado liko kwenye majaribio, unabadilisha shinikizo na petroli kila wiki, tumia nikeli. Ni za bei nafuu, na utazifungua mara nyingi kuzisoma. Injini ikishatulia na ngazi ya joto ikajulikana, hamia iridiamu ya ngazi ileile. Na kama injini inakula oili, usinunue iridiamu kabla ya kutengeneza ringi na sili za valvu, kwa sababu itachafuka sawasawa na ile ya nikeli, na utakuwa umelipa mara kadhaa zaidi.

## Waya

Waya za plagi ziko za namna tatu:

1. Za moyo wa kaboni. Ndizo zinazotoka kiwandani. Zina ukinzani mkubwa unaozuia kelele za umeme, lakini huchoka kwa joto na kwa kuvutwavutwa.
2. Za waya uliosokotwa. Ndani kuna waya mwembamba wa chuma uliozungushwa mara nyingi juu ya kiini. Hupitisha umeme vizuri, huzuia kelele, na hudumu. Hizi zinaifaa injini iliyoongezewa nguvu.
3. Za shaba tupu. Zilitumika kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Kwenye injini yenye kompyuta huleta kelele zinazoweza kuvuruga sensa na muda wa cheche, kwa hiyo usizifunge.

Waya nene za rangi zinazouzwa kama "za mashindano" hazileti nguvu kwa unene wao. Milimita 8 badala ya 7 ni unene wa ganda, na faida yake ni kuzuia umeme usitoroke kwenye joto kali. Ganda likiwa la silikoni halisi, ni jambo la maana. Likiwa la plastiki iliyopakwa rangi, litayeyuka likigusa bomba la moshi.

Upimaji hauhitaji mashine kubwa. Chomoa waya moja na uweke mita ya umeme kwenye ncha zake zote mbili. Vitabu vya Toyota vya injini za disitribyuta vinaweka kikomo cha omu 25,000 kwa waya; ikizidi, badilisha. Kisha subiri giza, funika taa, washa injini na unyunyize maji kidogo sana kuzunguka waya, mikono ikiwa mbali. Ukiona vicheche vya buluu vinarukia chuma, ganda limepasuka.

Kwenye Toyota nyingi za zamani angalia pia mashimo ambamo plagi zimekaa. Sili za juu zikichoka, oili huvuja na kujaa humo, kofia ya mpira ya waya inalainika, na umeme unapita pembeni. Ukibadilisha waya bila kubadilisha sili, waya mpya zitaharibika vilevile.

Mwisho, rudisha kila waya mahali pake. Injini nyingi za silinda nne zilizo kwenye mstari huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Subaru huwaka kwa 1-3-2-4. Usizifunge waya zote pamoja kwa kamba. Zitenganishe kwa vishikizo vyake, zisikwaruzane wala kurushiana umeme.

Kwa ufupi: kwa injini yenye kompyuta na nguvu iliyoongezwa, chagua waya uliosokotwa wenye ganda la silikoni, na pima kabla ya kulaumu plagi.

## Plagi ya zamani inasema nini

Hakuna kitabu kinachoijua injini yako kuliko plagi zilizotoka ndani yake. Zipange kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza hadi ya nne, uziangalie kwenye mwanga wa jua.

- Kauri ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu: ngazi ya joto ni sahihi.
- Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi, au plagi ni ya baridi mno, au chujio cha hewa kimeziba.
- Nyeusi yenye unyevu wa oili: ringi au sili za valvu zimechoka.
- Nyeupe kama chokaa, yenye vipele au vitone vinavyong'aa: joto limezidi. Simamisha gari. Plagi ni ya moto mno, au petroli haitoshi, au cheche inatoka mapema.
- Moja tofauti na tatu nyingine: tatizo liko kwenye silinda hiyo au waya wake.

Barabara inayotumika nayo inasomeka hapa. Kutoka Mbarara hadi Kabingo, makao makuu ya wilaya ya Isingiro, ni lami. Ukiiacha na kushika njia ya Nakivale ni murramu na vilima. Wakati wa kiangazi vumbi hujaza chujio, na hujaza pia mashimo ya plagi. Ndiyo maana kabla ya kufungua plagi hata moja ni lazima upulize mashimo kwa pampu ya hewa. Mchanga ukiingia ndani ya silinda huikwangua, na kazi yote ya kupanua na kuweka pistoni mpya inakuwa bure.

## Bandia na za kweli

Spea nyingi za Mbarara hutoka Kampala, na soko la Kisekka linajulikana nchi nzima. Humo kuna wauzaji waaminifu, lakini plagi bandia zipo kila mahali Afrika Mashariki, na NGK na Denso huigwa zaidi kwa sababu ndizo zinazotafutwa. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, hukamata bidhaa bandia mara kwa mara, lakini ulinzi wa kwanza ni macho yako.

Tazama maandishi ya kwenye kauri. Ya kweli hayafutiki kwa kucha. Tazama thredi; ya kweli ni laini na inang'aa sawasawa. Washa, ile pete ya chuma iliyo juu ya thredi, haitakiwi kudondoka kirahisi. Elektrodi ya pembeni ikae sawasawa juu ya ile ya katikati. Kama ina herufi R, mita ikuonyeshe maelfu kadhaa ya omu kutoka juu hadi kwenye ncha; ikionyesha sifuri, kizuizi hakimo. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na kwenye injini yenye tabo gharama yake ni pistoni.

## Kufunga

Funga plagi injini ikiwa imepoa. Ianze kwa mkono mpaka ifike mwisho. Ikigoma, ichomoe uanze upya, maana hedi ni ya aluminiamu na thredi zake huharibika upesi. Ikishagusa, plagi mpya yenye washa ikaze nusu hadi theluthi mbili za mzunguko. Iliyowahi kutumika inatosha kuikaza kidogo tu, sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Plagi isiyokazwa vizuri haiwezi kupeleka joto kwenye hedi, kwa hiyo hata ile ya baridi huungua.

## Kadi ya kubandika chini ya boneti

Gari linalotoka Nakivale alfajiri linaweza kuwa na mama mjamzito anayewahishwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, au mfanyabiashara ambaye mtaji wake wote uko kwenye buti. Tangu makazi hayo yalipoanza mwaka 1958 yamepokea watu kutoka Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Wengi wamekuwa madereva na mafundi. Gari hilo hilo litapita mikononi mwa mafundi watatu au wanne wasiofahamiana, na kila mmoja atakisia upya kama hakuna kilichoandikwa.

Andika kwenye karatasi ngumu, uifunike kwa plastiki, uibandike chini ya boneti:

1. Kodi ya injini iliyomo sasa, na mabadiliko yote iliyofanyiwa.
2. Plagi: kampuni, namba kamili na ngazi ya joto.
3. Pengo lililowekwa, kwa milimita.
4. Aina ya waya, na ukinzani wa kila moja siku zilipofungwa.
5. Tarehe na kilomita zilizosomeka.
6. Rangi ya plagi zilizotolewa, silinda ya 1 hadi ya 4.

Kila plagi zinapobadilishwa, ongeza mstari. Baada ya mabadiliko mawili au matatu, fundi yeyote atakayefungua boneti hiyo ataona kama joto linapanda, kama silinda moja inaanza kula oili, na kama ngazi iliyochaguliwa bado inaifaa injini. Naye hatauliza plagi ipi inaleta nguvu. Atasoma kadi, atanunua namba iliyoandikwa, na abiria watafika.